Wimbo wa Mzee Kondo

Mimi ni mpiga kinanda. Si wa jina. Ni wale wa kukodiwa Jumamosi, mnakula pilau la ukoko nyuma ya ukumbi, halafu kamati ya harusi inawaambia pesa iliyobaki mtaipata Jumatatu, bila kutaja Jumatatu ya mwezi gani. Bendi yetu ina watu sita na gari moja ambalo likiwaka tunalipigia makofi.

Ugonjwa wangu wa muziki wa magemu ulianza utotoni, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtaani kwetu Temeke kulikuwa na jamaa mwenye tivii gemu, zile mashine za Kichina za kuiga Nintendo. Kaseti ya manjano imeandikwa ina magemu maelfu, ukiyahesabu unakuta ni yale yale kumi yanajirudia. Ulikuwa unatoa shilingi 50, unaruhusiwa kufa mara tatu, unampisha mwenzio. Mimi hiyo 50 sikuwa nayo kila siku, kwa hiyo nilikuwa nakaa nje, mgongo ukutani, nasikiliza wenye pesa wakifa. Ndiyo maana Mario, yule jamaa wa kurukaruka ndani ya gemu, simjui sana kwa macho, namjua kwa masikio. Nifunge kitambaa usoni, nitakwambia mtu yuko wapi, ameokota nini, na ametumbukia shimoni saa ngapi.

Ukubwani nikagundua kumbe wagonjwa tupo wengi. Kuna watu wazima, wana wake na mikopo, jioni wanajifungia kuupanga upya muziki wa magemu ya zamani, huyu kwa jazi, yule kwa roki, hakuna aliyewatuma. Tovuti ya OverClocked ReMix inakusanya kazi zao tangu mwaka 1999. Wapo Minibosses wa Phoenix kule Arizona, magitaa yao yananguruma kama lori linapanda Kitonga. Wapo The 8-Bit Big Band wa New York, msururu wa matarumbeta na saksafoni, ambao mwaka 2022 walitwaa tuzo ya Grammy kwa kupanga upya muziki wa gemu la Kirby. Nilikuwa nawaangalia saa nane usiku kwa bando la usiku, mke wangu akigeuka anauliza, "Bado unaangalia katuni?"

Sasa sikia kilichonimaliza kabisa. Ile mashine ya Nintendo ya mwanzo ilikuwa na sauti tano tu. Koji Kondo, Mjapani aliyetunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985, alitumia nne: mbili za kuimba, moja ya besi, na moja ya kelele tupu, ile inayofanya tss-tss badala ya drams. Hebu hesabu na mimi. Solo, ridhimu, besi, drams. Hiyo si mashine, hiyo ni bendi ya dansi! Hata tabia ni zile zile. Mchezaji akiruka, mlio wa kuruka unapora nafasi ya sauti mojawapo, wimbo unabaki na pengo mpaka mlio uishe. Mpiga ridhimu wetu ndivyo alivyo. Akimwona mama ananyanyuka na noti mkononi, anaacha kupiga ili mkono uwe huru. Halafu muda wa gemu ukibaki 100, kinalia king'ora kifupi na wimbo ule ule unaanza kwenda mbio. Mwenzangu, hilo ni chemko, pale wimbo wa dansi unapokolea mbio. Mjapani alitia chemko ndani ya gemu, na sidhani kama aliwahi kukanyaga Dar.

Nikaupanga. Mwanzo nikaushusha uwe jazi ya kulia chakula, kodi za kinanda nzito nzito, besi inatembea. Mbele huko linakuja chemko. Mpiga drams, ambaye ni mtu wa roki na nywele zake zinathibitisha, akadai naye fungu lake, nikampa ule muziki wa Mario akiwa chini ya ardhi aufanye anavyotaka.

Kiongozi wa bendi, mzee wa sitini na ushee, akasikiliza hadi mwisho.

"Wa nani huu?"

"Wa gemu, Mzee."

"Gemu la mpira?"

"La watoto."

Akanyamaza. Nikaona nimpe uzito. Nikamwambia mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo huu kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa, wa kwanza kutoka kwenye gemu.

"Basi nenda kaupige huko bungeni."

Ila mguu wake ulikuwa umeshamsaliti, unagonga sakafu. Siku ya tatu ya mazoezi yeye ndiye aliyesema hapa panataka tumba.

Tukauita "Fundi Bomba", kwa sababu Mario kazi yake ni ufundi bomba. Na mimi, kwa kiherehere changu, nikapakia milio ya gemu kwenye vitufe vitatu vya mwisho vya kinanda: cha sarafu, cha kufika kwenye bendera ya ushindi, na cha kufa. Cha kufa nilikipakia cha nini? Swali zuri. Mke wangu ameliuliza, kiongozi ameliuliza, na kamati ya harusi imeliuliza kwa maandishi.

Harusi yenyewe ilikuwa Mbagala. Bibi harusi ni mtoto wa Kisarawe, bwana harusi wa Moshi, watu kama mia tatu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu, akataka orodha ya nyimbo pamoja na majina ya watunzi, imeandikwa vizuri, mstari umepigwa kwa rula. Nikaandika: Fundi Bomba, mtunzi K. Kondo.

Mpiga kinanda wa kukodiwa hasomi kadi ya mwaliko, anauliza ukumbi uko wapi na umeme upo. Ningeisoma ningeona kwamba bibi harusi ni wa ukoo wa kina Kondo. Kwa Wazaramo jina hilo halina ugeni wowote, kila mtaa una Kondo wake, na mtaa ule ulikuwa na Kondo mkubwa kuliko wote, babu yake bibi harusi. Jina lake la kwanza, nikose mimi radhi, linaanza na K.

Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, iliingia kwa fungu la mpiga drams. Gitaa linakoroma, drams zinapasuka, mbuzi anapita katikati ya ukumbi na majani mdomoni. Watu wa Moshi wakadhani ndiyo desturi ya Pwani. Watu wa Pwani wakadhani ndiyo desturi ya Moshi. Kila upande ukaheshimu.

Kisha MC akachukua ile orodha. Huyu MC alikuwa wa wale ambao ukimpa sentensi anakurudishia risala.

"Mabibi na mabwana, tulieni kwenye viti! Usiku huu tuna zawadi ambayo hata bibi harusi haijui. Wimbo unaitwa Fundi Bomba, yaani fundi wa ukweli, fundi mkali! Na aliyeutunga yumo humu humu ukumbini. Si mwingine, ni Mzee wetu, babu yetu, Mzee Kondo!"

Vigelegele. Nikamwangalia kiongozi. Kiongozi akaniangalia.

"Kamwambie," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni wa Mjapani."

"Kamwambie wewe, Mzee, mimi mdogo."

Tukiwa bado tunapeana heshima, babu alikuwa ameshasimama. Kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia ya kiua, bakora. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa hata chembe. Alikuwa na uso wa mtu aliyecheleweshewa shukrani miaka mingi, na leo wamekumbuka. Akapokea kipaza sauti.

"Wimbo huu nimeutunga zamani," akasema, naye hajasikia hata noti moja. "Nilikuwa kijana. Mwanzo niliufanya wa polepole. Halafu nikaona hapana, watu watalala. Nikautupa, nikatunga wa mbio."

Nilishika kinanda nisidondoke. Hicho ndicho kilichomtokea Kondo mwenyewe! Aliutunga kwanza wa kutembea taratibu, akajaribu gemu, akaona hauendi na mwendo wa mchezaji, akautupa akaanza upya. Babu wa Kisarawe ameyajulia wapi haya?

Tukaupiga. Zile noti saba za mwanzo tu, kila mwenye chini ya miaka arobaini akainua shingo kama kuku aliyesikia mahindi yanamwagwa. Watoto wakachomoka chini ya meza, kama arobaini hivi, soda mkononi, wakajipanga mbele ya jukwaa. Babu katikati anacheza, mabega tu, ule uchezaji wa watu wazima. Shangazi mmoja akaja kumtuza elfu moja, akamwekea kwenye kofia, na mimi nikabonyeza sarafu. Ule mlio una noti mbili, ya "si" kisha ya "mi" ya juu yake: tli-liiing!

Ukumbi ukapiga ukelele. Akaja wa pili, tli-liiing. Wa tatu, tli-liiing. Watu walipoelewa kwamba pesa inalia, basi. Nilimwona mjomba wa Moshi, mtu mzito, anamfuata mhudumu amvunjie elfu kumi iwe elfu moja moja, apate kulia mara kumi. Kiongozi wa bendi, aliyekuwa amenitolea macho, sasa ananitikisia kichwa: endelea, endelea.

Nikatoa ishara ya chemko. King'ora, tumba, solo ikapanda juu. Na babu, mtu aliyevuka miaka themanini, akaamua kushuka chini.

Akashuka. Vigelegele. Akashuka zaidi. Watu wakasimama juu ya viti. Akafika mahali goti likasema mimi naishia hapa, na babu akakaa. Naomba ieleweke: hakuanguka. Alikaa, taratibu, kama mtu anakaa mkekani kula futari. Ila mimi nilishtuka, nikanyanyuka nikamsaidie, na mkono wa koti la bendi, koti ambalo nimeshalalamika mara tatu kwamba linanizidi, ukafagia vitufe vya mwisho.

Ukalia ule mlio wa kufa. Spika nne, sauti ya mwisho.

Kwenye mazoezi niliwaambia wenzangu, kwa msisitizo, kwamba mlio huu ukilia kila mtu akate hapo hapo. Sijawahi kuiona bendi yetu ikitii kiasi kile. Kimya. Mia tatu ukumbini na hakuna kijiko kinachogonga sahani. Ndani ya kimya hicho, watoto arobaini, kwa sauti moja, kama wameimbishwa:

"AMEKUFAAAA!"

Kule nyuma walikokuwa wapishi hawakuona kitu, walisikia hilo tu. Shangazi mwenye sauti akajishika kichwa: "Babaaa weee!" Wa pili akapokea. Bibi harusi akatupa maua. Mtu akapiga kelele leteni gari, mwingine akajibu gari limezibwa na gari la bendi. Bwana mmoja akavua koti akawa anakuja nalo, amelitanua kwa namna ambayo sikuipenda. Na MC, mtu wa kazi yake, akashusha sauti ikawa ya msibani: "Ndugu waalikwa, naomba tusimame."

Wakasimama!

Babu yupo pale chini, amekaa, kofia imejaa noti. Anawaangalia watu wanaolia, ambao hawaoni mbele kwa machozi. Akamvuta suruali mtu wa karibu.

"Nani amekufa?"

Yule naye alikuwa analia, hakujibu. Babu akatikisa kichwa kwa huzuni, akaweka noti pembeni, akavua kofia. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. Akainua mikono, akajiombea dua.

Aliyetuokoa ni mtoto wa miaka sita hivi, mdomo mwekundu kwa soda. Alimsogelea babu, akamkagua juu hadi chini kama fundi anayekagua jenereta, akawageukia watu wazima waliokuwa wakilia.

"Bado ana roho mbili," akasema.

Hapo ndipo wale wa chini ya miaka arobaini walipoanza kucheka, mmoja mmoja, kwa kujibana kwanza. Wajukuu wakamnyanyua babu. Kiongozi akaninong'oneza kwa meno yaliyobanwa, "Piga bendera, punguani wewe!" Nikapiga bendera. Babu akasimama, akadai wimbo wake urudiwe toka mwanzo, kwa sababu wamemkatisha katikati.

Jumatatu, na kwa mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu kweli, tulikwenda kwa mwenyekiti kuchukua malipo. Alikuwa ameandaa karatasi, mstari umepigwa kwa rula. Jumla ya makubaliano. Malipo ya awali. Na chini yake: Punguzo kwa kusababisha msiba usiokuwepo, Sh. 50,000.

Wiki mbili baadaye babu akanipigia simu. Ameletewa video ya harusi, anaiangalia kila jioni, na chini ya picha fundi wa video ameandika kwa herufi za dhahabu: MTUNZI: MZEE KONDO. Alitaka kunishukuru. Nikaona huu uongo utanilaza macho. Nikamwamkia upya, nikamwambia babu, ukweli ni kwamba yupo Kondo mwingine, yuko Japani, na wimbo ule ni wake.

Simu ikawa kimya kitambo. Nikasikia anakohoa.

"Ana miaka mingapi huyo?"

"Kazaliwa 1961, babu."

"Aaa, huyo mtoto," akasema. "Mwambie hana kosa. Autumie tu."