Mikunde kwenye shamba la mvua: pesa ya ziada inatoka wapi?

Mkulima anayetegemea mvua huambiwa kila mara: panda kunde, choroko, dengu au mbaazi, upate pesa ya ziada na udongo upate rutuba. Ushauri huo una mashiko, ila ahadi zake mbili hazina uzito sawa, na gharama zake husemwa kwa sauti ya chini.

Nguvu kubwa ya mikunde ni muda. Choroko hukomaa kwa siku 60 hadi 75 hivi, kwa hiyo shamba lililokwisha kuvunwa nafaka huku ardhi ikiwa bado na unyevu linaweza kutoa mavuno ya pili. Dengu humudu kukua kwa unyevu uliobaki kwenye udongo mzito mweusi. Mbaazi hupandwa katikati ya mahindi. Mwanzoni hukua polepole, haigombani nayo sana, na mahindi yakishaondoka ndipo inaponyanyuka, mizizi yake ikifuata maji ya chini. Mkulima hakuongeza ekari wala hakukodi shamba.

Alichoongeza ni jasho, na jasho hilo huwa halimo kwenye hesabu. Maganda ya choroko hayakauki kwa pamoja. Unachuma leo, unarudi baada ya siku chache, unarudi tena. Ukichelewa yanapasuka na punje zinamwagika. Mvua ikinyesha wakati wa kuvuna, punje hupoteza rangi, nyingine huchipua ndani ya ganda. Kunde nazo zina wadudu: vidukari, thripsi na funza wa maganda. Asiyepata dawa anaweza kuondoka na majani ya mboga tu.

Kuhusu rutuba, ni kweli kwamba bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi hunasa nitrojeni ya hewani, chakula muhimu cha mimea. Pasua kinundu: kikiwa chekundu ndani kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani hakifanyi. Lakini sehemu kubwa ya nitrojeni hiyo huishia kwenye punje, na punje ndizo zinazouzwa. Ukiyang'oa mashina na kuyachoma au kuwapelekea mifugo, shamba linabakiziwa kidogo mno. Maharage, ambayo wengi huyaona kama baba wa mikunde yote, ni dhaifu katika kazi hii kuliko kunde na mbaazi.

Soko ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. India huzalisha na kula mikunde kuliko nchi nyingine yoyote, kwa hiyo uamuzi wake mmoja hufika hadi kwenye ghala la kijijini ng'ambo ya bahari. Agosti 2017, baada ya kupata mavuno makubwa ya ndani, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi za kutoka nje. Bei ikaporomoka Tanzania, Msumbiji na Malawi, ambako wakulima walikuwa wamepanua mashamba kwa kuvutwa na bei ya misimu ya nyuma. Mwaka 2021 India ililegeza masharti hayo, lakini aliyeuza kwa hasara hakurudishiwa kitu.

Watetezi hujibu kwamba zao lolote la biashara lina hatari hiyo, na kwamba mikunde angalau huliwa nyumbani. Nakubaliana nao, kwa sharti: iwe kweli inaliwa nyumbani kwako. Aliyejaza ekari tatu mbaazi ambazo watoto wake hawazigusi anacheza kamari.

Basi ahifadhi mpaka bei ipande? Fukusi huanzia shambani na kuingia ghalani ndani ya punje. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, iliyobuniwa kwa ajili ya kunde na watafiti wa chuo kikuu cha Purdue cha Marekani waliofanya kazi Kameruni, huwaua bila dawa, mradi punje ziwe zimekauka vizuri. Lakini kungoja bei ni kwa asiye na deni. Aliyekopa mbegu na dawa huuza wiki ya mavuno, siku moja na majirani zake wote, na dalali analijua hilo.

Kwa huyo ningependekeza mistari michache ndani ya nafaka, kiasi ambacho kaya inaweza kuchuma kwa mikono yake. Kunde na choroko hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mbegu ya msimu ujao anaweza kuitoa humohumo badala ya kwenda kukopa tena.