Mashine haijui nani kachepuka

Hivi vipindi vya mchana vya kuanika ugomvi wa familia kwenye TV vinaniumiza sana, na kinachoniumiza zaidi sio matusi wala watu kutaka kuvaana pale steji, ni ile dakika ambayo ukumbi mzima unanyamaza kusubiri bahasha. Mtangazaji kaishika mkononi, anaivutavuta makusudi, kamera inamsogelea mume usoni mpaka unaona jasho juu ya mdomo, mke kakaa upande wa pili hataki hata kumtazama, halafu inasomwa: umeulizwa kama umemsaliti mkeo, ukasema hapana, mashine ya kupima uongo inasema umedanganya. Watu wanalipuka kwa kelele na ndoa ya wenyewe imeishia hapo.

Sasa hiyo mashine inapima nini hasa? Inapima mapigo ya moyo, presha, pumzi na jasho la vidoleni, basi. Inaonyesha mwili umeshtuka, haiwezi kukuambia umeshtuka kwa nini. Mtu anayeogopa kumpoteza mke wake kwa kosa ambalo hajalifanya moyo utamdunda mbio vilevile, na mwongo mzoefu anaweza kukaa pale katulia tuli akapita. Marekani kwenyewe, ambako vipindi hivi vilishamiri sana, kuna sheria ya mwaka 1988 inayowakataza waajiri wengi wa sekta binafsi kuwapima wafanyakazi kwa mashine hii. Yaani huruhusiwi kumfukuza kazi keshia kwa majibu yake, ila mtu anavunjiwa nyumba kwa majibu hayohayo na anapigiwa makofi!

Uingereza kulikuwa na kipindi cha namna hii, The Jeremy Kyle Show, kilianza 2005 na kikafungwa Mei 2019. Kilifungwa baada ya mgeni mmoja mwanaume wa miaka 63 kufariki siku chache tu baada ya kurekodiwa, alikuwa kaenda kupimwa ili kumthibitishia mchumba wake kwamba hajachepuka, akaambiwa amefeli. Ile sehemu aliyorekodiwa yeye haikurushwa hewani. Uchunguzi wa kifo chake ulimalizika 2024 ukasema alijiua, na kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kusema kipindi ndicho kilichosababisha, na mimi naheshimu hilo, siwezi kusema zaidi ya waliokaa wakasikiliza ushahidi wote. Lakini kuna jambo jingine ambalo halina utata, mwezi mmoja baada ya kufungwa wabunge waliwaita wahusika wa kile kipindi wakawauliza, hiyo mashine yenu usahihi wake ni kiasi gani, wakashindwa kujibu. Miaka yote hiyo wanawasomea watu majibu kwa sauti ya mamlaka na kiasi cha kuaminika kwake hawakijui!

Na dalili zilikuwepo zamani. Mwaka 2007 mgeni mmoja alimpiga mwenzie kichwa wakati wa kurekodi, kesi ikafika mahakamani Manchester, hakimu akasema waliotengeneza kipindi nao walipaswa kuwa kizimbani pamoja na huyo mshtakiwa. Kipindi kiliendelea miaka 12 mingine.

Najua mtu atasema walikuja wenyewe, wakasaini wenyewe, ni watu wazima. Sawa, lakini angalia ni nani anayekubali kupimwa. Mara nyingi ni yule aliyechoka kutoaminiwa, kila akichelewa kurudi ni vita, simu ikilia ni vita, ameapa mpaka kaishiwa viapo, hela ya kwenda kwa mshauri wa ndoa hana, halafu anatokea prodyuza na lugha laini anamwambia njoo usafishe jina lako. Anaenda kwa matumaini kwamba jioni wataondoka pamoja na yameisha. Kumpa mtu wa namna hiyo kipimo kisichojua ukweli, mbele ya umati uliokuja kuona mtu akiumbuka, kwangu huo ni ukatili hata kama kasaini makaratasi mia.

DNA ni habari nyingine kwa sababu kipimo chenyewe kinaaminika. Maury Povich kaendesha kipindi chake huko Marekani kuanzia 1991 mpaka 2022 na kilichokipa jina kuliko kitu kingine ni kutangaza nani baba na nani siye. Ikishatangazwa kwamba siye, mwanaume anarukaruka kwa furaha, mama analia anakimbilia nyuma ya steji na mpiga kamera anamfuata mbio mpaka sakafuni alipoangukia, na kwenye skrini kubwa nyuma yao kuna picha ya mtoto mchanga anacheka. Huyo mtoto atakua, atajifunza kusoma, ataandika jina la mama yake mtandaoni na ataikuta siku mwanaume alivyoshangilia kwamba sio wake. Nani alimuuliza yeye?

Watu wenye shaka ndani ya nyumba wanahitaji msaada na sioni ubaya wakiongelea shida zao kwenye TV. Majibu ya DNA wapewe chumbani, wao na mshauri tu, kamera imezimwa, wapewe siku kadhaa wayameze, wakitaka bado kuja kuongea waje, na mtoto asionyeshwe sura. Ile mashine ya kupima uongo waitoe kabisa.