Antibayotiki za dukani Mwanza nani anazihesabu?

Kila nikipiga simu nyumbani Igoma na kuambiwa mtu anaumwa, majina ni yale yale: amoksilini, Flagyl, Azuma, na siku hizi sindano ya seftriaksoni hata kwa homa ambayo haijapimwa. Shirika la Afya Duniani limeiweka seftriaksoni kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, kwa sababu vimelea vikiizoea tunabaki na chache sana.

Hapa Sweden ukienda na mafua unarudishwa na ushauri wa kupumzika na kunywa maji. Wabongo wengi wageni hulalamika, wanaona wamedharauliwa. Mimi ninachowaonea wivu Waswidi ni hesabu yao. Tangu 1995 wana mtandao wa wataalamu wa kupambana na usugu wa antibayotiki, uitwao Strama. Dawa za cheti cha daktari zinazotoka famasi zinaingia kwenye kumbukumbu za taifa, kwa hiyo kila mkoa unajua umetoa vyeti vingapi vya antibayotiki. Lengo walilojiwekea ni visizidi 250 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka.

Kwetu hatuanzi sifuri. Hospitali ya rufaa ya Bugando wana maabara ya kuotesha vimelea, na watafiti wa pale wameandika mengi kuhusu usugu wa dawa. Serikali ina mpango wa taifa tangu 2017. Lakini hospitali ya rufaa inampokea mgonjwa ambaye tayari ameshameza dawa za mtaani zikagoma. Vidonge alivyovinunua kabla ya hapo havimo kwenye hesabu ya hospitali.

Wapo wanaosema tufanye kama Ulaya, bila cheti hupewi. Nalipinga hilo kwa moyo wote. Maduka ya dawa muhimu yalianzishwa Ruvuma 2003 kwa sababu famasi zilikuwa mbali na watu, na visiwani Ukerewe umbali huo bado upo. Mtoto wa mvuvi akibanwa na nimonia usiku, anahitaji amoksilini kabla boti ya asubuhi haijaondoka. Na mama anayenunua vidonge sita badala ya kumi na tano msimwite mjinga, ndiyo pesa aliyonayo.

Ninachotaka ni rekodi: dawa gani imeuzwa, vidonge vingapi, kwa tatizo gani. Muuzaji anaweza kuituma kwa simu kwa mfamasia wa wilaya kila mwezi, na muuzaji naye arudishiwe majibu, aambiwe ni dawa ipi imeanza kushindwa eneo lake. Maduka ya mifugo nayo yaingie, maana kuku wa Kisesa wananyweshwa antibayotiki zinazofanana na zetu.

Waanze na Ilemela. Na muuzaji alipwe kwa kazi hiyo, kwani daftari linalojazwa bure saa nne usiku, baada ya kufunga duka, litajazwa kwa kubahatisha.