Carlotta Mayfair, aliyeficha ili aokoe

Wengi wanaosoma The Witching Hour, riwaya ya Anne Rice iliyotoka mwaka 1990, huvuka kurasa zake zaidi ya 900 wakiwa wamepata mtu wa kumchukia, na mtu huyo si jini wa hadithi yenyewe. Ni kikongwe aitwaye Carlotta Mayfair. Nadhani chuki hiyo inastahili kesi ya haki, kwa sababu swali zito kuliko yote kitabuni limebebwa na yeye: ukoo ukiwa na jambo baya la kurithi, watoto waambiwe au wafichwe? Siwezi kulijadili bila kueleza mwisho wa hadithi. Ambaye hajasoma na hapendi utamu umharibikie, aishie hapa.

Kisa kinaanzia Scotland ya karne ya 17. Mwanamke wa kijiji cha Donnelaith, Suzanne, anasimama kwenye duara la mawe ya kale, anaita, na kitu kinaitika. Anakipa jina la Lasher. Suzanne anaishia kuchomwa moto kama mchawi, lakini Lasher hafi naye. Anahamia kwa binti yake Deborah, kisha kwa Charlotte binti wa Deborah, na hivyo hivyo, mama kwa binti, Ufaransa, Saint-Domingue ambayo leo ni Haiti, mpaka New Orleans. Analeta mali mpaka Wamayfair wanakuwa na mabilioni ya dola. Sharti la mirathi ni kwamba mrithi awe mwanamke, abaki na jina la Mayfair hata akiolewa, na avae mkufu wa zumaridi. Anachokitaka Lasher mwenyewe kinajulikana mwishoni: mwili. Anamsubiri mrithi wa 13, na huyo ni Rowan, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo anayeishi San Francisco bila kujua chochote.

Hajui kwa sababu ya Carlotta. Mwanasheria, Mkatoliki wa rozari mkononi, alimkataa Lasher tangu ujana wake na akaapa ukoo ukome kumtumikia. Rowan alipozaliwa, alitolewa mikononi mwa mama yake, Deirdre, akakabidhiwa kwa ndugu aliyempeleka California kwa ahadi kwamba mtoto huyo asirudi New Orleans kamwe. Deirdre akabaki kwenye baraza ya nyumba ya ukoo iliyoko First Street, New Orleans, amechomwa Thorazine, dawa kali ya wagonjwa wa akili, miaka na miaka, kichwa kimeinama, mate yanamtoka. Riwaya inafunguka na daktari anayeuliza kwa nini dawa hiyo isipunguzwe, na jibu analolipata ni kuondolewa kazini. Sijasoma mwanzo wa riwaya ya kutisha unaotisha zaidi ya huo, na hakuna mzimu hata mmoja anayehitajika ili uogope.

Msomaji wa Pwani ana faida hapa ambayo huenda msomaji wa Chicago hana. Lasher, mwanamume mtanashati anayeonekana kando ya mwanamke mmoja wa ukoo, anayemliwaza, anayemwonea wivu, anayewadhuru wanaomkaribia, sisi tunamjua. Ni jini mahaba, tena wa kurithi. Na tunajua desturi ilivyokuwa: ngoma inapigwa, ubani unafukizwa, pepo anapandishwa kichwani mwa kiti wake, yaani mtu anayempanda, anaulizwa mbele ya watu jina lake, alikotoka na anachotaka. Uamini au usiamini, ndani ya desturi hiyo kuna jambo la busara. Mgonjwa habaki peke yake na mwenziwe wa siri. Jirani, shangazi na mkwe wamekaa ukumbini wakisikia madai. First Street hakuna anayeuliza Lasher anataka nini mpaka tayari amekaribia kukipata.

Basi ni rahisi kumhukumu Carlotta kwa methali yetu, mficha maradhi kifo humuumbua, na kufunga jalada. Lakini kitabu hakiruhusu. Kabla yake walikuwapo waliomjua Lasher vizuri na kuzungumza naye waziwazi. Julien, mwanamume wa ukoo huo, alimtumia katika biashara. Mary Beth, mama yake Carlotta, alimtumia kuongeza utajiri. Stella, mdogo wake Carlotta, alimchezea karamuni kama mtu anayewaonyesha wageni mbwa wake mkubwa. Elimu yao haikuwaokoa, iliwanenepesha tu, na kila kizazi kilichofaidi kilimsogeza Lasher karibu na lengo lake. Carlotta pekee ndiye aliyesema hapana. Katika nyumba iliyojaa watu wanaovutiwa na jini kwa sababu ni mzuri na analipa, yeye ndiye aliyeona kwamba mwenye kulipa ni bwana, wala si mtumishi. Matukio yanampa haki: Lasher alikuwa anadanganya, na mlango aliokuwa akiuchonga ni tumbo la Rowan.

Kwa hiyo utetezi wake una nguvu kuliko wengi wanavyokubali. Shida ni kwamba vita vyake havimgusi adui. Anayeumia ni daima msichana. Stella anauawa kwa risasi na kaka yake Lionel, na mkono wa Carlotta hauko mbali na silaha hiyo. Antha, binti wa Stella na mama yake Deirdre, ambaye Carlotta alikuwa mama yake mkubwa na alipaswa kumlea, anafia chini ya dirisha la dari. Deirdre anauawa akiwa hai. Lasher hapungui hata nukta. Carlotta amechanganya mlango na mwizi, anaubomoa mlango.

Na hoja inayonishawishi zaidi inatoka kwa Rowan mwenyewe. Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba anguko lake mwishoni ni usaliti wa mwandishi: mwanamke mwenye akili kama ile, aliyeolewa na Michael anayempenda, aliyeshasoma jalada zima la ukoo wake, anawezaje kumpa jini mwili usiku wa Krismasi kisha akaondoka naye? Wanaomtetea mwandishi wanasema vizazi 13 ni mzigo mzito kuliko hiari ya mtu mmoja. Sikubaliani na upande wowote kikamilifu. Jalada lile, lililokusanywa na Talamasca, chama cha wasomi wanaofuatilia mambo ya ghaibu, linachukua mamia ya kurasa katikati ya riwaya, na ni kweli linachosha mahali. Lakini ni karatasi. Linamwambia Rowan kila kitu isipokuwa kile ambacho bibi angemwambia mjukuu tangu utotoni: huyu akija, usikae naye peke yako. Lasher anapoanza kumjia, Rowan anamficha Michael jambo hilo. Anaamini atamshinda kimyakimya, kwa akili yake. Huo ni mwendo wa Carlotta hatua kwa hatua, na Rowan ameufikia bila kulelewa naye hata siku moja. Yeye ndiye aliyemuua Carlotta kwa nguvu zake usiku ule ule wa kumzika Deirdre, kisha akachukua nafasi yake kama mtunza siri wa nyumba.

Hapo ndipo naona umahiri wa kitabu, na papo hapo udhaifu wake. Rice aliipenda mno nyumba ile. Alinunua ile halisi, 1239 First Street katika mtaa wa Garden District, iliyojengwa mwaka 1857, akaishi ndani yake, na kila nguzo na kila mwaloni umeandikwa kwa mahaba. Mahaba hayo yanampofusha mahali pamoja. Mali ya Wamayfair ilikua kwenye mashamba ya Saint-Domingue na Louisiana, kwa jasho la watumwa. Wafu wa ukoo wanahesabiwa kizazi kwa kizazi, wanaombolezwa, wanapewa sura na majina, ila waliolima mashamba hayo wanabaki pembeni ya picha. Riwaya inayouliza ni nani alipe kwa ajili ya utajiri uliotoka kwa jini haimalizii swali lake, kwa maana sehemu ya utajiri huo haikuhitaji jini yeyote. Carlotta, aliyekuwa na ujasiri wa kukataa zumaridi, angeweza kuwa ndiye wa kulisema hilo. Mwandishi hakumpa mstari huo, na kwangu ni kasoro kubwa kuliko urefu wa jalada na mwisho unaolalamikiwa.