Joan Miró: hivi kweli hata mtoto angeweza?

"Hii hata mwanangu wa chekechea anachora." Kauli hiyo haikosekani panapotajwa picha za mchoraji wa Hispania Joan Miró, na anayeitoa si lazima awe mshamba. Itazame Bleu II ya mwaka 1961: turubai lenye upana wa zaidi ya mita 3, buluu karibu tupu, msururu wa madoa meusi, na mchirizi mmoja mwekundu upande wa kushoto. Basi.

Watetezi wake hukimbilia picha yake ya awali, La Masia (Shamba). Miró, mzaliwa wa Barcelona (1893), aliichora kati ya 1921 na 1922. Ilimchukua miezi tisa, akianzia Mont-roig kwenye shamba la wazazi wake na kumalizia Paris, ambako alibeba hata nyasi kavu za shambani ili asikosee. Katikati umesimama mkaratusi, majani yake yamechorwa moja moja. Ukuta wa nyumba una nyufa na kuvu, na hakuna ufa uliorukwa. Kuna konokono, mjusi, ndoo, na banda lililo wazi mbele, kuku na sungura wakiwa ndani. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway aliinunua. Leo iko Washington.

Sawa, lakini utetezi huo unathibitisha tu kwamba mtu huyu alijua kuchora. Mpishi aliyesifika kwa biriani hawezi kutuletea maji ya moto akadai sifa zilezile. La kuuliza ni hili: alipopunguza vitu kwenye picha, kilibaki nini?

Kwenye picha 23 za Constellations jibu haliniumizi kichwa. Ni karatasi ndogo, alizoanza Normandy, Ufaransa, mwaka 1940 Vita vya Pili vya Dunia vikimkaribia, akazimaliza Hispania mwaka uliofuata. Nyota, ndege na macho vimefungamana kwa mistari myembamba kiasi kwamba ukisogeza doa moja, kona nyingine inayumba. Mtoto hana subira hiyo.

Kesi ngumu ni ile ya 1974, Tumaini la Aliyehukumiwa Kifo. Ni turubai tatu kubwa, nyeupe karibu kote. Mstari mweusi unazunguka kana kwamba unataka kujifunga, kisha unakatika. Kando kuna doa la rangi. Aliyehukumiwa ni Salvador Puig Antich, kijana wa Kikatalani aliyepinga utawala wa Franco, dikteta wa Hispania, akauawa kwa kukabwa shingo kwa chuma tarehe 2 Machi mwaka huohuo. Ukishajua hilo, mstari ule unakukaba na wewe. Usipojua? Hapo wakosoaji wana hoja, nami siwabishii: picha imeegemea mno kibao cha maelezo ukutani.

Ila sijaridhika kabisa. Kifunike kibao hicho, mwite mtu asiyejua lolote, mwambie aufuate mstari kwa kidole hewani. Atazunguka nao taratibu, atafika pale unapokatika, na kidole kitabaki kinaning'inia.