Wakili wa Serikali hapelelezi
Habari inasema mshtakiwa wa wizi wa ng'ombe kaachiwa hapa Tabora, basi wote mnamrushia mawe wakili wa Serikali. Jamani, jalada la kesi, lenye ushahidi, linatoka polisi! Niliwahi kuwa shahidi: baiskeli yangu iliyoibwa ililetwa mahakamani kama kielelezo, kumbe hati ya kukamata mali, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha walichokamata, haina sahihi ya shahidi hata mmoja. Wakili akaigeuza ile karatasi, akatazama nyuma, kimya. Kesi ikafia hapo. Niliumia (baiskeli nilirudishiwa, tairi halina upepo). Ila Ibara ya 59B ya Katiba inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka, bosi wa mawakili hao, azingatie haki na maslahi ya umma, siyo kufunga watu tu. Mwandishi angetuambia kwanza vielelezo vilikamatwaje.