Sindano ya mfupa: nesi mgeni afundishwe ama tungoje wakubwa?

Huu mjadala haujaisha hapa Kisumu, kama nesi ama klinikal ofisa ambaye ndio ameanza kazi afundishwe kuweka sindano ndani ya mfupa wa mtoto, ya kupitishia maji mshipa ukikosekana, ama hiyo iachiwe wazoefu wa hospitali kubwa kama Jaramogi.

Wanaokataa wana sababu. Sindano ikitoboa hadi upande wa pili wa mfupa maji yanamwagikia kwa nyama, shavu la mguu linafura na usipoona mapema mguu unaharibika kabisa. Ukidunga juu sana unagusa pale mfupa unapokulia.

Lakini chukua mtoto wa Nyando ameharisha na kutapika tangu jana, macho yameingia ndani, mikono ni baridi hadi kwa viwiko, haitiki. Mishipa imenywea yote, unajaribu mkono, unajaribu kichwa, dakika zinaisha na ambulensi haijafika. Mishipa ya ndani ya mfupa hainywei ju mfupa wenyewe umeishikilia, ndio maana mafunzo ya ETAT+, yale ya huduma ya dharura kwa watoto, yanasema kanula (ile sindano ya mshipa) ikikataa enda kwa mfupa. Na mwenye yuko na huyo mtoto saa nane usiku ni huyo huyo mgeni wa kazi.

Kumfundisha si ghali, mfupa wa paja la kuku, sindano na sirinji ya maji. Unashuka upana wa kidole chini ya kile kinundu cha chini ya goti, upande wa ndani palipo bapa, unasukuma ukizungusha mpaka usikie imeachia ghafla, unasimama hapo hapo. Hapo kwa kusimama ndio naona wengi wanashindwa, mkono unataka kuendelea.

Chenye kinanisumbua mimi ni kinachofuata. Utafiti wa FEAST wa 2011, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha watoto wenye homa kali na dalili za shoki (damu haifiki vizuri mwilini) waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi kuliko wale hawakumiminiwa, na watoto wa kuharisha hawakuwekwa kwa huo utafiti. Kwa hivyo anayejua kufungua njia bila kujua ni mtoto gani anafaa kumiminiwa bado ni hatari.

Mimi nasema wafundishwe, yote mawili pamoja, na cheti cha semina ya siku moja kisitoshe, warudie kwa mfupa wa kuku kila mwezi, na sindano zenyewe zikae kwa trei ya dharura si kwa stoo yenye ufunguo umeenda nyumbani na mtu.